DualSense ya PlayStation 5: Pedi Bora Yenye Vijiti vya Kawaida

Pedi ya DualSense, iliyotoka pamoja na PlayStation 5 mwezi Novemba 2020, ni miongoni mwa pedi zisizotumia waya zinazosifiwa sana katika kizazi hiki cha michezo ya video, na sehemu kubwa ya sifa hizo inastahili. Hata hivyo, mnunuzi wa leo, hasa katika miji yetu ambako pedi moja hupita mikononi mwa kaka, wadogo, binamu na watoto wa jirani kabla jua halijazama, anapaswa kujua kwamba Sony ilielekeza ubunifu wake kwenye mambo ambayo hayafanyi kazi mpaka mchezo wenyewe uyaitishe, kisha pale ambapo kidole gumba kinakaa muda wote ikaweka vijiti vya kawaida kabisa.

Kwa umbo, pedi hii haina mshindani mkubwa. Ina uzito wa gramu 280 hivi, wakati DualShock 4, pedi ya PlayStation 4 ya mwaka 2013, ilikuwa na gramu 210 tu, na tofauti hiyo unaihisi mara tu unapoishika, ingawa haichoshi mkono. Mishikio yake imenenepa, hivyo mtu mwenye viganja vikubwa halazimiki tena kuvikunja vidole vya mwisho kama alivyofanya na pedi za zamani. Ukiigeuza na kuisogeza karibu na jicho, utaona kwamba ukwaruzo wa plastiki ya nyuma umetengenezwa kwa alama ndogo mno za pembetatu, duara, msalaba na mraba, zilizobanana kama punje za mchanga, nazo ndizo zinazozuia pedi isiteleze kiganja kinapotoka jasho. Kwa mchezaji wa Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, huku feni ikiwa imeelekezwa kwenye konsoli, yaani mashine ya mchezo, badala yake yeye, hilo lina maana kubwa kuliko urembo. Kinachokera ni kwamba ile ya rangi nyeupe, ambayo ndiyo iliyotangulia kutoka, huonyesha uchafu upesi kwenye maungio ya plastiki. Vilevile vitufe vya Create na Options ni vyembamba na havikuinuka vya kutosha, kiasi kwamba mchezaji mgeni hulazimika kuangalia chini ili avipate.

Jambo lililoipa pedi hii jina ni mtetemo. DualShock 4 ilitumia mota mbili zenye vyuma vilivyoelemea upande mmoja. Zilipozunguka, pedi nzima ilinguruma, na mlio wa bomu na mlio wa gari vilifanana mkononi. DualSense imeacha mota hizo na kutumia koili zinazosukumwa na sumaku, ambazo zinaweza kuanza na kukoma papo hapo na kubadilisha kasi ya mtikisiko kwa usahihi mkubwa. Anayetaka kulithibitisha aanze na Astro's Playroom, mchezo unaokuja tayari ndani ya PlayStation 5: mhusika akitembea juu ya mchanga unausikia mchanga, akipita kwenye chuma unakisikia chuma, na mvua ikinyesha matone yanadonoa hapa na pale kwenye kiganja. Spika ndogo ya pedi nayo hutoa sauti inayoendana na mtikisiko huo, na mara nyingi sauti ndiyo inayoukamilisha udanganyifu.

Vifyatuo vya L2 na R2, yaani vitufe virefu vya mbele vinavyovutwa kwa vidole vya shahada, vimepewa kila kimoja mota yake na meno ya gia, hivyo pedi inaweza kukikazia kidole, kukilegezea au kukisimamisha katikati ya safari. Katika Ratchet & Clank: Rift Apart ya mwaka 2021, kifyatuo kikibonyezwa nusu hugota kwenye ukinzani, na silaha hufyatua kwa namna moja; ukikisukuma hadi mwisho, hufyatua kwa namna nyingine. Katika Gran Turismo 7, L2 hutetemeka pale breki za gari zinapozuia matairi yasijifunge, na dereva mzoefu huutumia mtetemo huo kujua kwamba amekanyaga kupita kiasi. Katika NBA 2K21, mchezo wa mpira wa kikapu, kifyatuo cha kukimbilia huwa kizito kadiri mchezaji wa kwenye skrini anavyochoka. Mifano hii mitatu inaonyesha ubunifu wenye kazi: mkono unapata habari ambayo jicho limeikosa.

Tatizo ni kwamba habari hiyo lazima iandikwe na mtengenezaji wa mchezo, na wengi huishia kwenye kidogo tu. Katika vibanda vya PlayStation vya mitaani, ambako soka ndiyo inayotawala, mchezaji hupata sehemu ndogo mno ya utamu huu, kwa sababu pasi, krosi na mashuti hazihitaji kifyatuo kinachobisha. Wachezaji wa michezo ya bunduki ya kushindana mtandaoni mara nyingi huzima kabisa ukinzani wa vifyatuo, kwa kuwa huchelewesha kidole pale ambapo kuchelewa kidogo ni kufa. Nasi tusiwalaumu. Mipangilio ya PlayStation 5 inaruhusu nguvu ya vifyatuo na nguvu ya mtetemo zichaguliwe kila moja kivyake, iwe kali, ya wastani, hafifu au zimwe kabisa, na huo ni uungwana wa kusifiwa. Lakini anayezima vyote viwili ajue kwamba amebaki na pedi ya kawaida aliyoinunua kwa bei ya pedi ya ajabu: Marekani ilianza kuuzwa dola 69.99, na baadaye bei ikapanda, wakati vifaa vingi vya kielektroniki hushuka bei kadiri vinavyozeeka.

Maikrofoni iliyo ndani yake inatosha kwa mazungumzo mafupi, lakini inanasa pia feni, televisheni na ugomvi wa jikoni. Kitufe cha kuizima kiko chini ya kitufe cha PS, nacho huwaka rangi ya chungwa kinapobonyezwa, ili usibaki ukijiuliza kama wageni wa mtandaoni wanakusikia.

Betri ina ujazo wa mAh 1,560, ambao ni mkubwa kuliko mAh 1,000 za DualShock 4, ila mota, koili na spika hula ziada hiyo. Katika matumizi ya kawaida pedi hudumu kati ya saa 6 na 12. Mchezo wenye mitetemo mingi huivuta kuelekea 6, na mchezo mtulivu, mwanga wa pedi ukiwa umepunguzwa, huisogeza kuelekea 12. Kuchaji kutoka sifuri huchukua takriban saa 3. Pedi ya Xbox, inayotumia betri mbili za AA, inatajwa na Microsoft kuwa hufika hadi saa 40, na zikiisha unaingiza nyingine na kuendelea, jambo ambalo kwa nyumba inayokatikiwa umeme mara kwa mara si dogo. DualSense hujibu kwa tundu la USB-C, aina ileile ya simu nyingi za sasa, hivyo hata pawabenki ya simu inaweza kuichaji. Mnunuzi akumbuke kwamba pedi inayouzwa peke yake haina waya ndani ya boksi. Kwa bidhaa ya bei hii, huo ni ubahili usio na utetezi.

Sasa tufike kwenye vijiti vya analogi, ambavyo ndivyo vitakavyoamua kama pedi yako itakufikisha mwaka wa tatu. Ndani ya kila kijiti kuna vipimo viwili, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Kila kipimo kina ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu ya njia ya kaboni, na pedi husoma umeme unaopita hapo ili ijue kijiti kimeelekea wapi. Chuma kikisugua kaboni kila siku, kaboni hulika. Vumbi na ungaunga wake hubaki humo humo, na usomaji huanza kuyumba. Matokeo yake yanajulikana kwa kila mchezaji wa soka: hujagusa kitu, lakini beki wako anatembea mwenyewe kuelekea pembeni na kumwachia mshambuliaji nafasi. Mwaka 2021 wachambuzi wa iFixit, kampuni ya miongozo ya kutengeneza vifaa, walitumia idadi ya mizunguko milioni 2 ambayo aina hii ya kijiti hupewa na mtengenezaji wake, wakakadiria kwamba katika mchezo wa bunduki wa Call of Duty: Warzone kiwango hicho kinaweza kufikiwa baada ya saa 417 za kucheza. Kwa mtu wa saa mbili kwa siku hiyo ni kama miezi saba. Kwa kibanda kinachokuwa wazi kwa muda wa saa kumi kila siku hazifiki hata wiki sita. Kufikia kiwango hicho si lazima pedi ife siku hiyo, na nyingi huendelea kwa muda mrefu, ila ndipo uhakika unapoishia. Mwezi Februari 2021 Sony ilishtakiwa mahakamani nchini Marekani kuhusu jambo hili.

Ni haki kusema kwamba pedi ya kawaida ya Xbox nayo inatumia teknolojia hiyohiyo. Lakini suluhisho lilikwisha kuwapo tangu 1998, pale pedi ya Dreamcast, konsoli ya kampuni ya Sega, ilipotumia kijiti kinachosomwa kwa sumaku, bila chuma kusugua chochote. Leo kampuni ndogo zaidi huuza pedi za namna hiyo kwa bei iliyo chini ya DualSense. Sony yenyewe, mwezi Januari 2023, ilitoa DualSense Edge ambayo kijiti chake huchomolewa na kubadilishwa, ila iliipangia bei ya dola 199.99, betri yake ni ndogo zaidi, na kijiti cha akiba ni dola 19.99 kwa kimoja, nacho bado ni cha kusuguana. Kwa maoni yangu, huko ni kumuuzia mteja dawa ya ugonjwa uliomuuzia mwenyewe.

Kwa mwenye DualSense ya kawaida, njia nafuu ni fundi. Vijiti vimelehemiwa kwenye bodi kwa nukta nyingi, kwa hiyo kazi hii inahitaji mkono uliozoea bodi za simu, lakini vijiti vya sumaku vinavyoingia mahali pale pale vinapatikana, na vikishawekwa vinahitaji kusawazishwa kwa programu ya kompyuta ili katikati iwe katikati kweli. Fundi anayekurudishia pedi bila kuvisawazisha hajamaliza kazi. Kabla ya kufika huko, michezo mingi ina mpangilio wa kupanua eneo mfu la katikati ya kijiti, yaani sehemu ambayo mchezo hupuuza kijiti kikisogea, na hilo huficha kuyumba kidogo kwa muda.

Kuhusu vifaa vingine, DualSense huungana kwa Bluetooth na kompyuta, iPhone na simu za Android, na Steam, duka la michezo ya kompyuta, inaitambua vizuri. Tahadhari ni kwamba kwenye kompyuta mtetemo wake kamili na ukinzani wa vifyatuo kwa kawaida huhitaji waya, kwa hiyo anayeinunua kwa ajili ya kompyuta pekee anapoteza ama uhuru wa kutotumia waya ama kile kilichomvutia. Wenye PlayStation 4, ambao bado ni wengi kwetu, wasinunue pedi hii kwa matumaini: konsoli hiyo haiikubali, kama ambavyo DualShock 4 haikubaliki katika michezo ya PlayStation 5.

Mwisho ni suala la pedi bandia na za mitumba. Bandia huiga umbo vizuri, lakini mara nyingi huwa nyepesi, mgongo wake una vidoa visivyo na alama zile nne, na L2 na R2 hazikazi kamwe. Kwa ya mtumba, iunganishe na simu au kompyuta, fungua ukurasa wowote wa kupima pedi, sukuma kijiti hadi ukingoni, kiachie ghafla, kisha utazame namba: zikirudi karibu na sifuri mara kadhaa mfululizo, endelea na mazungumzo ya bei, zikiganda mbali na sifuri, ondoa gharama ya fundi kwenye bei hiyo. Muuzaji akikukataza kuipima, mrudishie pedi yake.