Gari ya kukalia injini: mimi basi!

Kama ungeniuliza mwaka jana, ningekuambia kichwa bapa, lori ambalo kebini imekaa juu ya injini, ndiyo gari ya barabara ya Tunduma, usitafute nyingine. Sasa hivi niulize taratibu.

Tunarudi Dar na mzigo, usiku, mvua ya Makambako unaijua. Hosi ya maji ikapasuka. Hosi tu! Yenye pua, ile injini imetangulia mbele ya kebini, unavuta bonneti la faiba kwa mkono linalala mbele, unapanda kwenye tairi, unafunga klampu, safari. Mimi mpaka kichwa kizima kiinuke. Tingo akapampu weee, kikafika nusu kikagoma, oili ya haidroliki inamchuruzikia kwenye buti. Humo ndani kila kitu kimeserereka mpaka kwenye kioo: jiko, blanketi, mchele wa Kyela, na sufuria ya maharage tuliyoisahau. Mchuzi uliingia kwenye matundu ya hita. Mpaka leo nikiwasha hita, kebini nzima inanuka maharage.

Asubuhi fundi akaja. Salamu hakuna. Kachungulia, kacheka: “Suka, hii gari au mgahawa?” Halafu akasema hagusi kitu mpaka nitafute magogo ya kuegemeza kichwa, kwa hela yangu. Kuhusu magogo yuko sahihi, kichwa kikishuka ghafla kinaua. Lakini mdomo ule, kwa mtu aliyekesha na njaa!

Haya, nisiwe mwongo. Kitonga, ule mlima wa kona kali, yenye pua ni mateso. Ya bapa unaona lami karibu na miguu yako, kona unaikata kwa nafasi uliyonayo. Yenye pua inataka uazime upande wa mwenzako, na anayepanda na kontena hakukopeshi. Ulaya nao wamebaki na bapa kwa sababu semi tela inapimwa yote pamoja na kichwa, mita 16.5, kwa hiyo pua inakula nafasi ya mzigo. Marekani sheria ya 1982 ilizuia majimbo kuwekea ukomo urefu wa gari zima kwenye barabara kuu, wakajiachia na mapua yao.

Kwa hiyo bapa imeshinda? Nilitaka kuandika hivyo. Ila ukigonga kitu uso kwa uso, mbele ya magoti yako kuna bati na kioo, basi. Na maharage yale sijayasamehe. Bosi alete yenye pua, Kitonga tutajuana hukohuko.

Na ile klampu ya yule fundi ilianza kuvuja kabla hata hatujafika Mafinga.