"Madereva wanasubiri nje": uzoefu wangu na klabu ya ndege

Naanza na nyota moja. Nikifika chini huenda nikaongeza, ila kwa sasa ni moja, na hiyo moja ni ya fundi.

Leseni yangu ya urubani binafsi niliisomea pale Wilson, ule uwanja wa ndege ndogo Nairobi, kwa pesa za kuungaunga: mkopo wa sacco, bonasi mbili, na ng'ombe wa mama ambaye mpaka leo sijamlipa. Sheria inataka saa 40. Mimi nilimaliza na saa 71, kwa sababu kila nikipata pesa nilikuwa nimesahau kutua, na kila nikikumbuka kutua pesa zilikuwa zimekwisha.

Kumbe leseni ndiyo mwanzo wa matatizo. Hii si ya kulipwa, ni ya kuruka kwa gharama yako. Ukikodi ndege ya shule unalipia Hobbs, ile saa inayoanza kuhesabu mara injini inapowaka. Sasa jipange nyuma ya ndege tatu za Caravan zinazopeleka watalii Maasai Mara. Injini inanguruma, saa inahesabu, na hujainua gurudumu. Kuna asubuhi nililipia karibu nusu saa ya kutazama mkia wa ndege ya wenyewe. Na huwezi kusema basi nitapumzika miezi sita, maana ukitaka kubeba mtu lazima uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90. Mke wangu alikuwa ameanza kuuliza kwa upole kama hiyo leseni kweli ipo.

Ndipo nikaanza kutafuta klabu, yaani watu waliochanga wakanunua ndege, wakagawana bima, hanga la kulaza ndege na matengenezo. Unalipa kiingilio, ada ya mwezi, na saa unazoruka. Kuipata sasa. Hawana tangazo popote, hawana kibao barabarani. Unauliza mafundi, unauliza wauza mafuta, kama mtu anayetafuta mganga. Hatimaye fundi mmoja wa Wilson akanielekeza kiwanja fulani cha murram nje ya jiji. Jina nalimeza, maana bado naonana na hawa watu.

Nilifika Jumamosi moja, nafikiri mwezi wa saba, ile baridi ya kutoka moshi mdomoni. Mawingu yalikuwa yamevilalia vilima vya Ngong, hakuna aliyeruka, wote wako barazani na chai. Mimi nimekuja na Probox ya shemeji, koti zito, kofia ya sufu. Naweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, bwana mmoja mwenye kikombe mkononi, bila hata kuniangalia usoni, akasema: "Madereva wanasubiri nje."

Nje wapi? Baraza lenyewe liko nje!

Lakini hilo jibu nilikuja kulipata usiku, kitandani. Pale pale nilichosema ni "Samahani, mzee." Nikaomba radhi mimi! Nikageuka, nikarudi kwenye Probox, nikakaa humo dakika kumi nzima nikiwa dereva kama nilivyoagizwa, huku logibuku, daftari langu la urubani, liko mapajani. Maneno yake nimeshayazoea, mjini hapa tumeambiwa makubwa zaidi. Zile dakika kumi ndizo zinaniuma.

Aliyenitoa ni mzee wa ovaroli, fundi wao, aliyegonga kioo. "Kijana, njoo unishikie tochi." Nikamfuata hanga. Cessna 172, rangi imepauka, viti vimeshonwashonwa, lakini alipofungua kifuniko cha injini nikasahau hasira. Safi kama sufuria ya harusi. Akanipa kikombe nikinge mafuta kutoka kwenye bawa: buluu, angavu, hakuna tone la maji chini. Akaniona nimelishika kwapani lile logibuku, akauliza, "Una saa ngapi?"

Nikatazama mkono. "Saa nne kasorobo."

"Saa za kuruka, kapteni."

Tulicheka mpaka tochi ikaanguka. Yeye ndiye aliyenipeleka barazani mara ya pili. Akasema huyu kijana ni rubani, anataka kujiunga. Na yule bwana, ambaye kumbe ni katibu, akajibu maneno mawili tu: "Si ungesema."

Si ningesema! Kwani wao waliopita kabla yangu walisema nini pale ngazini?

Fomu yao inataka sahihi za wanachama wawili wanaokufahamu. Utafahamiana nao vipi na ngazini hupiti? Fundi alikuwa tayari kusaini, lakini fundi si mwanachama. Nikawa naenda kila Jumamosi kama mposaji, nanunua chai, nacheka vichekesho ambavyo havichekeshi, mpaka nikapata sahihi mbili. Kisha fomu ikalala kwa katibu. "Kamati haijakaa." Wiki ya kwanza haijakaa, ya tatu haijakaa, na mimi nawaona kwa macho yangu wamekaa, wote watano, meza moja, wanakula sambusa.

Haya, niwe mkweli, maana hasira isinifanye mwongo. Waliponikubali mambo yalibadilika. Mwalimu wao, mama mmoja mkavu asiye na maneno, alinirusha mchana wa jua kali kwa makusudi. Huku juu hewa ni nyepesi, na joto likizidi 172 inapanda kama punda wa simiti. Akanifundisha upya kupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini kabla ya kupaa, kuhesabu uzito kwa kalamu na si kwa macho, na kumsubiri soja wa pikipiki afukuze punda milia njiani. Somo hilo Wilson sikulipata hivyo. Na malipo yao hayafuati Hobbs, yanafuata mita ya mizunguko ya injini, kwa hiyo ukisubiri huku injini inazunguka polepole, nayo inahesabu polepole. Foleni yenyewe ya kusubiri haipo. Nilimpandisha mke wangu siku moja asubuhi, tukazunguka upande wa Kajiado, hakusema kitu mpaka tukatua. Kisha akauliza, "Kesho?"

Nyota nne hapo. Nilikuwa nimeziandika kabisa.

Halafu ikaja nyama choma ya kufunga mwaka. Katibu akasimama na glasi, akasema klabu hii haijawahi kumbagua mtu, mlango uko wazi kwa vijana wetu, akaninyooshea mkono mimi nionekane. Watu wakapiga makofi. Na mimi, mjinga, nikainamisha kichwa kama nashukuru! Fundi alikuwa kule kwenye moto anageuza mbuzi. Hakualikwa kuketi.

Na jambo jingine, kabla sijasahau: niliambiwa ndege ni mbili. Ni mbili kweli, ila moja haina propela tangu kabla sijajiunga, na ada inachangia zote. Uliza hilo mapema, na uliza wanachama wangapi wanagombea ile inayoruka, na ukiiharibu bima inakuachia wewe kulipa kiasi gani.

Mbili basi. Au tatu, sijui. Ndege na mwalimu ni tano, katibu ni sifuri, gawanyeni wenyewe.

Jumamosi hii nimeandika jina langu, saa moja na nusu asubuhi. Ngong ikifunikwa nitakunywa chai yao. Probox naiegesha mbele ya ngazi.