Pipa la Kijani la Toronto: Je, Linamweza Rakuni?

Ndugu watazamaji, asalaam aleikum na karibuni. Pipa hili la kijani mnaloliona hapa mbele yangu ndilo ambalo kaya nyingi za Toronto hutilia mabaki ya chakula, nami nimeamua kulichambua kwa sababu baadhi yenu mliohamia Kanada karibuni mmeniuliza ni mnyama gani anayemwaga taka zenu usiku na kuwaachia maganda ya ndizi hadi mlangoni.

Ni rakuni. Ana weusi unaozunguka macho, mkia wenye pete, na umbo la paka mkubwa aliyeshiba, ila mikono yake ndiyo inayomtofautisha na wezi wengine wa jalalani, kwani ina vidole vitano vyembamba vyenye hisi kali mno, anavyovitumia kupapasa chakula gizani bila hata kukitazama. Alichonyimwa ni kidole gumba kinachoweza kukutana na vidole vingine, na hapo ndipo waliobuni pipa hili walipoweka matumaini yao.

Pipa lililotangulia lilikuwa dogo, la lita 46, na rakuni walilifungua bila taabu. Mwaka 2016 jiji lilianza kusambaza hili la lita 100, katika mpango uliogharimu takriban dola milioni 31 za Kanada, na kabla ya hapo Suzanne MacDonald, mtafiti wa tabia za wanyama wa Chuo Kikuu cha York, alisaidia kulijaribu kwa rakuni wenyewe.

Tazameni kifuniko. Kishikizo hiki hakivutwi bali huzungushwa, na ndani yake mna komeo linalofuata uzito: pipa likisimama komeo hubana, na mkono wa chuma wa lori unapolibinua, komeo hujiachia lenyewe, hivyo mfanyakazi halazimiki kushuka ili kulifungua. Kwangu mimi huo ni ubunifu wa kusifiwa. Nimejaribu kukizungusha kishikizo kwa viganja bila kutumia gumba, nanyi mnaona ninavyohangaika.

Udhaifu wake uko kwingine, nao ni kwamba pipa hili ni refu na linaangushika. Mwaka 2018 ilionekana kwenye video jinsi rakuni mmoja alivyoliangusha kwanza, kisha akakizungusha kishikizo likiwa limelala, akajipakulia. Kwa hiyo msilisimamishe peke yake uani. Mimi nimelifunga kwenye nguzo ya uzio kwa mpira ule ule ambao kwetu hufungia mizigo nyuma ya baiskeli, nikaupitisha katikati ya pipa, na tangu siku hiyo sijalikuta limelala. Kabla ya hapo niliwahi kusahau kukizungusha kishikizo hadi mwisho, na kosa hilo lilikuwa langu, si la pipa. Asubuhi nilifagia pilau ya wageni wote.

Pilipili ya unga nimeijaribu pia. Mvua moja tu iliisafisha yote, na nikabaki nimeharibu pilipili nzuri ya kupikia.

Mnaoishi kwenye miji isiyogawa mapipa ya namna hii, mkienda dukani chagueni lenye tako pana na mishikio miwili inayopanda juu ya kifuniko na kukibana pande zote mbili, kisha lifungeni ukutani. Utumbo na vichwa vya samaki viwekeni kwenye friza hadi siku ya lori, maana harufu ndiyo inayomwita mgeni huyu. Na mkikuta kinyesi chake karibu na pipa, vaeni glavu na muwaondoe watoto, kwa sababu hubeba mayai ya minyoo ambayo humdhuru binadamu vibaya.

Muda wa kulitoa pipa nje una uzito kuliko komeo lolote. Lori linataka pipa liwe barabarani kabla ya saa moja asubuhi, na jirani zangu wengi hulitoa jioni, jambo linalompa rakuni usiku mzima wa kulishughulikia. Mimi hulitoa baada ya swala ya alfajiri, isipokuwa mwezi Juni, ambapo alfajiri ya huku huingia kabla ya saa kumi na rakuni bado yuko kazini. Mwezi huo hurudi kulala kwanza.