Busta ya breki kwa Land Cruiser ya zamani: inchi 7 haitoshi Arusha

Busta ni chombo kinachoongezea mguu nguvu kwenye pedali ya breki. Seti nyingi za kubadilisha breki za dramu kuwa diski zinazouzwa mtandaoni huja na busta ya inchi 7 yenye diaframu (kiwambo cha mpira kinachosukumwa na hewa) moja. Ni ndogo, nyepesi na haihitaji kukata bati. Kwa gari dogo linaloishi Dar es Salaam haina neno. Kwa Land Cruiser FJ40 inayopanda na kushuka Karatu, usiinunue.

Sababu ni mwinuko. Busta haina nguvu yake yenyewe; inategemea tofauti kati ya hewa ya nje na vakyumu (mnyonyo) ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya petroli inayosoma inchi 18 za zebaki kwenye geji ya vakyumu ikiwa pwani, hapa itasoma 14 hivi ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwa hesabu ya karatasi, diaframu ya inchi 7 inasukuma kilo 154 pwani na 120 Arusha. Tena diski hazina msaada wa dramu: kiatu cha dramu hujikaza chenyewe gurudumu linapozunguka, pedi haijikazi. Ndiyo maana dereva hulalamika kwamba gari "limefungwa diski halafu breki zimekuwa ngumu".

Chaguo letu ni inchi 8 yenye diaframu mbili. Hata ukitoa eneo linaloliwa na ukuta wa kati, nguvu yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ndogo. Tatizo lake ni urefu. Kata boksi la kadibodi lenye vipimo vya busta pamoja na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki), uliweke mahali pake, ufunge boneti, kisha uangalie kama halijagusa masta ya klachi. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Na uliza breketi imechongwa kwa usukani upi, maana seti za Marekani nyingi ni za usukani wa kushoto.

Busta ya mtumba kutoka gari la Kijapani la usukani wa kulia ni mbadala mzuri, na pale Unga Limited mafundi wanazifahamu. Chungulia upande unaokaa masta silinda: ukikuta umelowa mafuta ya breki au rangi imebabuka, iache hata kama ni ya bei ya kutupa. Mafuta yakishaingia ndani, mpira wa diaframu hauna maisha.

Servo ya pembeni, inayofungwa kwenye bomba la breki badala ya kwenye pedali, inafaa pale tu ambapo nafasi haipo kabisa.

Mwenye dizeli asiunganishe mpira wa busta kwenye manifoldi. Hakuna vakyumu ya maana pale. Inatakiwa pampu, kama ile inayokaa nyuma ya altaneta kwenye BJ40, Land Cruiser ya dizeli. Mpira wenyewe uwe wa vakyumu, wenye kuta ngumu. Mpira wa petroli hujibana ukipata joto.

Masta silinda ya dramu isibaki. Ina valvu ya kubakiza presha kwenye bomba, nayo huziacha pedi zikiburuta diski. Kipenyo cha masta mpya kati ya inchi 7/8 na 1 kinafaa. Kikubwa zaidi hufupisha mwendo wa pedali lakini hupunguza presha.

Kazi nyingi huharibikia kwenye fimbo kati ya busta na masta. Acha nafasi ya nusu milimita hivi kati ya ncha yake na pistoni ya masta. Bandika kidonge cha unga uliokandwa kwenye ncha ya fimbo, funga masta, fungua, pima unene uliobaki. Fimbo ikiwa ndefu, mafuta ya breki hayarudi kwenye tangi lake, breki zinajishika na diski zinaungua. Ikiwa fupi, pedali inazama kabla ya kushika.

Kujaribu: zima injini, kanyaga mpaka pedali iwe ngumu, shikilia, kisha washa. Lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, vakyumu haifiki au diaframu imepasuka. Zima tena, ngoja dakika chache, kanyaga: ikiwa ngumu papo hapo, valvu ya njia moja au mpira unavuja. Rekebisha hilo kwanza, kisha jaribu gari mahali tambarare kabla ya kuliteremsha Mto wa Mbu.