Tamasha la chakula la wikiendi: mama yangu kaambiwa asubiri wageni wahudumiwe kwanza

Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule mama wa mikate ya kumimina, ile ya mchele na tui, si ya waandaaji. Tamasha lenyewe silitaji jina, walioenda wanalijua, ni lile la chakula la familia la wikiendi hapa Unguja mjini, upande wa baharini, mvua za masika zilikuwa ndo kwanza zimekata. Tangazo lilizunguka magrupu yote ya WhatsApp, njooni na watoto, njooni na wazee, vyakula vyetu vya asili, ngoma, michezo. Mimi nikawachukua watoto na mama yangu mzazi, mtu mzima, magoti yanamsumbua, hatoki nyumbani ila kuwe na harusi au msiba. Alifurahi mpaka akatoa buibui lake la kwendea harusini.

Nakwenda moja kwa moja kwenye kilichonikera maana kila nikikaa ndo hicho kinachonijia.

Mama alitaka urojo, ule mchuzi mzito wa ukwaju au embe unaotiwa bajia na kachori. Si kwa njaa. Zamani alikuwa akipika urojo na bajia akiuza barazani kwetu, pesa za skuli zetu zimetoka mule, kwa hivo akiona urojo wa mtu lazima auonje, atakwambia hapa wametia embe mbichi, hapa wametia ndimu tu, hapa unga umezidi, hizi bajia za jana. Mimi napenda sana kumsikiliza akianza hayo. Tukatafuta kibanda, tukasimama foleni. Pesa mkononi hawapokei, unanunua kuponi getini, kuponi moja elfu, bakuli la urojo kuponi tano, ghali lakini nikasema ndo tamasha hilo, tutoe. Kijana wa kibandani akapokea kuponi kutoka mkononi mwa mama mwenyewe akazitia kwenye kopo. Hapo muelewe vizuri, alishazipokea.

Mara wakaja watalii, kikundi kizima na mtembezaji wao. Kijana akageuka palepale, jambo jambo, karibu sana, mabakuli yakaanza kupangwa moja baada ya jengine, anawaonesha hii kachori, hii chatne ya nazi, hizi chipsi za muhogo, anapiga nao na picha. Mama kasimama kaegemea meza kwa sababu ya magoti. Nikamwambia yule kijana, kaka, huyu mama alikuwa mbele na kuponi zake umeshachukua. Mimi hata hakunitizama. Alimtizama mama, akasema kwa sauti ambayo foleni nzima imesikia, "Bibi, wewe urojo unakula kila siku, hawa kesho wanaondoka. Subiri kidogo."

Wallahi damu ilinipanda kichwani.

Na mama, mtu ambaye mtaani kwetu hakuna asiyemuogopa mdomo wake, hakujibu kitu zaidi ya "haya mwanangu, wahudumie wageni," akautoa mkono mezani akarudi nyuma. Angemgombeza ningepumua. Kule kukubali ndo kulikoniumiza, maana najua kaona aibu mbele za wajukuu wake.

Halafu sikilizeni hili. Mmoja katika wale watalii, mwanamke wa makamo, alifahamu. Lugha haijui lakini aliona bibi kasukumwa nyuma, akachukua bakuli lake lile alilopewa akamsogezea mama, anaashiria chukua wewe, mimi nasubiri. Yule kijana akaingilia kati! Akalivuta bakuli akalirudisha kwa mgeni, eti hili lako hili, yeye wa hapahapa huyu. Yaani mgeni mwenyewe hataki kutangulizwa juu ya mzee na sisi tunamlazimisha.

Msinambie mambo ya utalii, nayajua. Ndugu zangu wanafanya kazi mahotelini Nungwi na Paje, nyumba ngapi hapa zinakula kwa hao wageni, mimi sina chuki nao hata kidogo, na kumkirimu mgeni si kitu tulichofundishwa na mahoteli. Nendeni Makunduchi mwezi wa saba wakati wa Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya, watu wanapika wanakaribisha yeyote anayetokea, mimi nimekula mule kwa watu nisiowajua hata majina. Lakini sijapata kuona mzee anaondoshwa mkekani ili mgeni apate pa kukaa! Mgeni anakaa pembeni ya mzee, wanakula sinia moja. Na Forodhani je, pale tangu bustani ilipofunguliwa tena 2009 baada ya ukarabati wageni ni wengi kuliko sisi, na sote tunajua uulize bei kabla hujagusa mshkaki, lakini mwambie muuzaji wa pale nina mzee hapa, uone atakavyokupisha. Hata Mnazi Mmoja siku za Idi, vurugu la watoto na mabembea na vumbi, mzee akipita watu wanampa njia. Kwa hivo si kwamba kisiwa kimeharibika adabu. Ni huyu kijana, na ni waliomuweka pale.

Maana nilikwenda kwa waandaaji, meza yao ile ya getini. Dada mmoja alinisikiliza vizuri, sitamsingizia, lakini jibu lake likawa kila kibanda kinajitegemea, wao wanakodisha nafasi tu. Sasa kama kila kibanda kinajitegemea mbona kuponi ni zenu? Pesa yangu mmeichukua nyinyi getini, hamkuichukua kibandani. Na kuponi zilizobaki hazirudishwi, zinakufa usiku uleule, hilo nalo nalisema haraka tu kwa sababu sitaki lichukue nafasi ya lile kubwa.

Naomba niwe mkweli lakini, kulikuwa na mazuri. Watoto wangu walicheza kwenye lile jumba la upepo la kurukia, kuna mtu anawahesabu wanaoingia na wanaotoka, hakuna aliyeumia. Vyoo visafi, kitu nadra. Kidumbaki, ile taarab ya kuchezeka, kilipigwa baada ya Isha, safi kabisa. Na yule mama wa kumimina, jamani. Alimuona mama kasimama, akachomoa kigoda chake mwenyewe alichokuwa kakalia, shikamoo bibi, kaa hapa upumzike. Akampa kipande cha moto, kimetoka jikoni hapohapo, akamuuliza mwenyewe, bibi nambie kimepungua nini. Mama akamwambia iliki ipo, tui liko sawa, ila mchele ungeuroweka usiku kucha kabla ya kuusaga. Basi wakaanza, hamira kiasi gani, moto wa chini na wa juu, wazungu wa yai watiwe lini, mimi nikasimama pale kama sipo. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kununua tukanunua mikate miwili mizima, na yule mama wa kumimina akataka kuponi za mmoja tu, nikamlazimisha achukue zote. Kwa hapo ningetoa nyota tatu, hata nne, na nilishaanza kujiambia labda nimelikuza hili jambo.

Lakini urojo ulikuja. Mtoto wangu mkubwa ndo aliyekwenda kuufuata wale wageni walipokwisha ondoka. Umepoa, una utando juu, bajia zimelowa zimekuwa uji, kachori nusu, na chatne hakuna, kaambiwa chatne imekwisha. Imekwishaje na sisi tulilipa kabla! Mama akaonja kijiko kimoja akasema, "Embe hamna humu," akaliweka bakuli chini. Kuponi tano. Mtu aliyesomesha watoto kwa urojo, anauziwa maji ya ndimu yaliyopoa kwenye tamasha la vyakula vya asili, baada ya kuambiwa yeye wa kila siku.

Kwa hivo narudi palepale, nyota moja, na msinibembeleze.

Wenye familia wanaouliza kama waende, mimi siwezi kuwaambia msiende, watoto watafurahi. Nendeni baada ya Alasiri kabla watu hawajajaa, nunueni kuponi chache kwanza kisha mkaongeze, na kama mna mzee mtafutieni pa kukaa nyinyi wenyewe kwanza, maana viti vya wazee havijawekwa, tangazo likasema njooni na wazee. Waandaaji mkisoma hapa, wekeni viti, na foleni iwe foleni, mtu akishatoa kuponi ahudumiwe yeye, hata aje nani nyuma yake.

Mama keshaniambia jengine likitokea nimpeleke, anataka kumuona yule mama wa kumimina kama mchele kauroweka. Nimpeleke, siwezi kumkatalia. Lakini nikimkuta yule kijana kwenye kibanda kile, safari hii sitosema kwa upole.