Mashine ya kupima INR nyumbani: mwaka mmoja na mlango wa chuma

Nilifanyiwa upasuaji wa moyo mwaka jana, nikawekewa mlango bandia kati ya chumba cha juu na cha chini, upande wa kushoto. Sisi tulionao tunauita wa chuma, ingawa vibawa vyake viwili ni vya kaboni. Usiku nyumba ikitulia unausikia ukigonga kama saa iliyofunikwa mto. Nilidhani kelele hiyo ndiyo itakayonisumbua, lakini niliizoea baada ya wiki chache. Kilichonishinda ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Damu hupenda kuganda juu ya kitu kigeni, ndiyo maana mwenye mlango wa aina hii hunywa warfarini maisha yake yote na kupimwa INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Daktari wangu anaitaka iwe kati ya 2.5 na 3.5, asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Ikishuka, donge laweza kunasa mlangoni au kukimbilia ubongoni. Ikipanda mno, unavuja damu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nachomwa mshipa kila wiki na nusu siku inaishia kwenye foleni, mpaka nikaamua kununua mashine yangu.

Inafanana na ile ya kupimia sukari. Unachomeka stripu, kile kipande chembamba cha kupokea damu, unajichoma pembeni mwa kidole, unaweka tone, na baada ya dakika hivi namba inatokea. Kijitabu chake kina michoro mizuri, ila mambo ya maana niliambiwa na wagonjwa wenzangu: nawa kwa maji ya uvuguvugu, ning'iniza mkono kwanza, usikamue kidole kama kitambaa cha deki, na tone liwahi kabla damu haijaanza kuganda. Siku ya kwanza niliharibu stripu tatu. Na stripu ndizo zinazomaliza pesa, si mashine.

Kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa yangu mwenyewe. Nilianza kupima kila siku. Nikiona 2.4 napoteza usingizi, nikiona 3.6 natafuta michubuko mwilini. Mama mmoja tunayekutana naye kliniki, aliyekaa na mlango wake miaka 22, alinitazama nikihesabu stripu zilizobaki akaniuliza: "Mwanangu, dawa ya leo utaiona keshokutwa. Kila asubuhi unapima nini?" Huyohuyo ndiye aliyenirudisha kwenye mboga za majani. Nilikuwa nimeziacha kabisa kwa kuogopa vitamini K iliyomo, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini, kumbe kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, na dawa ipangwe kufuata hapo.

Kuhusu usahihi, nilienda nayo kliniki nikapima papo hapo nilipotolewa damu ya mshipani: mashine 3.1, maabara 2.9. Hapo sina lawama. Baadaye ikanipa 5.2, nikakimbilia maabara, wao wakapata 4.4. Namba zikiwa juu mashine hizi hupotoka zaidi, kwa hiyo usiiamini peke yake, lakini usiipuuze pia, maana kweli nilikuwa nimepanda. Chanzo kilikuwa antibiotiki nilizoandikiwa kwa ajili ya kikohozi. Sikumwambia aliyeniandikia kwamba natumia warfarini. Tangu siku hiyo kadi yangu ya dawa haitoki kwenye pochi.

Aliyewekewa mlango uliotengenezwa kwa nyama ya mwili wa ng'ombe au nguruwe na kuandikiwa warfarini kwa miezi michache tu, asijisumbue kuinunua. Mwenye mikono inayotetemeka atafute mtu wa kumsaidia, maana lile tone halina subira.

Naipa nyota nne, ya tano imekwama kwenye bei ya stripu. Kliniki wamenikubalia nipime kila Jumatatu na kuwapigia simu na namba yangu. Kipimo cha dawa wanabadilisha wao. Naandika kwenye daftari, mashine inarudi kabatini, na Jumanne hadi Jumapili siigusi.