Mizani ya jikoni ya elfu 18: miezi mitano ya kujaza mwili bila kitambi

Niliinunua Kariakoo. Muuzaji alianzia 25,000, tukapatana 18,000. Ni ile nyeupe ya plastiki, inatumia betri mbili ndogo, inapima hadi kilo 10 na inasoma gramu moja moja. Naandika haya kwa sababu pale ninapofanyia mazoezi vijana wengi wanajinyima mshahara wanunue makopo ya unga wa kuongeza uzito, na kitu hiki hawajawahi hata kukishika.

Makopo nami nimeyapitia mwaka jana. Dozi moja kamili ya unga ule ilizidi kalori 1,000, na sehemu kubwa ni wanga na sukari. Miezi mitatu nikatoka kilo 68 hadi 75. Mtaani wakanisifu kwamba nimejaa, lakini shati lilianza kubana tumboni kabla ya kifuani, na futi ya fundi cherehani ikaonyesha kiuno kimetoka sentimita 80 hadi 88. Nikahangaika kupunguza, nikarudi kilo 70, na nguvu nyingi ikaondoka pamoja na hayo mafuta. Iliniuma sana.

Siku ya kwanza ya mizani nilipima mafuta ya kupikia. Nikaweka sufuria juu yake, nikabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, nikamimina kwa kukadiria kama tunavyofanya siku zote. Gramu 46. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo kitunguu hakijaingia sufuriani tayari nina zaidi ya kalori 400, kwa mboga ya watu wawili. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Mwanangu, vitu vinapimwa dukani. Nyumbani vinaliwa."

"Nivumilie wiki mbili tu, mama."

Tukapika kwa gramu 15. Akaonja, akasema kitunguu kingekaangwa kwa moto mdogo zaidi, basi. Hadi leo ndicho kipimo chetu.

Karanga nazo zilinishtua. Nilikuwa natafuna vikaratasi viwili vitatu kutwa nikijua nakula protini. Ni kweli gramu 100 zina protini kama 25, lakini mafuta yake yanakaribia gramu 50. Sasa napima 20, naweka kwenye kikombe, mfuko unarudi kabatini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Protini nalenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo zangu 70 ni gramu 112. Upande wa kalori, wiki mbili za mwanzo nilikula kama kawaida, nikiandika kila kitu na kujipima kila asubuhi kabla ya chai. Nikaona uzito wangu unasimama kwenye kalori kama 2,600. Juu yake nikaongeza 250 peke yake, maana misuli hukua polepole hata ukifanya mazoezi vizuri, na chakula kinachozidi sana mahitaji yake ndicho kinachoishia kiunoni.

Protini kubwa naipata kwa dagaa. Gramu 50 za dagaa wakavu zina protini kama 30, na bei yake haifanani kabisa na ya kopo. Napima wakiwa wakavu, natoa vichwa, naosha kwa maji ya moto mara mbili mpaka mchanga uishe, kisha nyanya, kitunguu, ndimu mwishoni. Mayai manne yananipa kama 24, bakuli la maharage gramu 250 yaliyoiva kama 20, nusu lita ya maziwa 16. Zinazobaki zinatoka kwenye ugali wa dona, wali na mkate. Ugali sikuuacha, na wanaosema ndio unaoleta kitambi wapime kwanza mafuta ya mboga wanayolia.

Kosa moja lilinigharimu karibu mwezi wote wa pili. Nilikuwa napima wali ulioiva halafu nasoma kalori za mchele mbichi. Mchele ukiiva unanywa maji na kuzidi mara mbili na nusu kwa uzito: gramu 100 za mchele mbichi zina kalori kama 360, za wali kama 130. Nikawa nakula pungufu bila kujua, na benchi, yaani kusukuma chuma juu nikiwa nimelala chali, ikawa nzito kila wiki. Anayeanza aamue mapema, ama mbichi ama kilichoiva, asichanganye.

Leo nina kilo 73.5. Kiuno kilikuwa 82 nilipoanza, sasa ni 82 na nusu. Benchi nimetoka kilo 50 hadi 65.

Kasoro zipo. Mizani inajizima yenyewe ikikaa kidogo bila kuguswa, na ukiwa unamenya viazi inakuudhi, maana ikiwaka tena imesahau uzito wa bakuli. Vitu vya gramu moja au mbili haivisikii sawasawa. Kifuniko cha betri kimelegea, nimekibana kwa gundi ya karatasi. Usiweke sufuria ya moto juu yake, namba zinaruka ovyo. Na kabla hujalipa, mwombe muuzaji pakiti ya chumvi ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa, uipime. Mizani mbili za kwanza alizonipa zilipishana kwa gramu 30; ya tatu ndiyo niliyoichukua.

Mama siku hizi ndiye anayeitumia kuliko mimi. Anauza maandazi asubuhi, na kila donge sasa ni gramu 55, hakuna mteja anayelalamika kwamba la mwenzake ni kubwa. Kuanzia saa kumi alfajiri mizani iko kwake, imejaa unga. Mimi naipata saa moja kwa ajili ya chai. Jumamosi narudi Kariakoo kuchukua ya pili.